Mama Mkwe wa Afisa Mazingira

Ushauri wangu ni huu: usiolewe na mtu wa manispaa ambaye siku moja atapangiwa eneo anakojenga mama yako. Mimi sikujua. Nilipoolewa na Werema yeye alikuwa Bunda anakagua machinjio, na mama yangu alikuwa Butiama na ng'ombe wake. Nani angefikiri kwamba watakuja kukutana Musoma, kwenye kiwanja kimoja, mimi nikiwa katikati?

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawashikani mikono, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kama ni mjini anaingia duka lolote lililo karibu. Werema aliwahi kuingia saluni ya kike kwa ajili hiyo, akatoka baada ya kusubiri sana huku wasusi wanamcheka. Siku ya harusi yetu mama alikaa nyuma ya spika, na mpaka leo anadai sikio la kushoto halisikii vizuri. Watu wengi wa mjini wameachana na mambo haya. Mama hajaachana nayo, na Werema, pamoja na diploma yake, ndiyo kabisa.

Mama aliuza ng'ombe akahamia mjini, akawa anaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, pamoja na rafiki yake Sabina. Miaka ikapita, magoti yakachoka. Akanunua kiwanja kwenye mteremko, juu kidogo ya mwalo huohuo, ili ajenge fremu tatu za maduka, apangishe, apumzike. Nilifurahi sana. Nilimwona tayari amekaa kivulini, wapangaji wanamletea kodi na soda.

Shida ilikuwa ule mteremko. Manispaa ilikuwa imetunga sheria ndogo: anayejenga juu ya ziwa lazima achimbe shimo upande wa chini wa kiwanja kabla mvua hazijaanza, na mchanga wake aufunike kwa turubai. Maji ya mvua yaingie shimoni kwanza, yatulie, tope libaki humo, ndipo yaende ziwani. Asiyefanya hivyo anapakwa X nyekundu ukutani, na ujenzi unasimama mpaka atimize na kukaguliwa upya. Wa kukagua na kupaka ni afisa mazingira wa eneo hilo, na afisa mwenyewe ndiye huyu Werema wangu.

Mama hakutaka shimo. Mafundi walikuwa wameshaanza kupandisha kuta za fremu mbili, na sehemu pekee ya kulichimba ilikuwa palepale alipopanga fremu ya tatu.

"Mwambie mume wako mvua ni ya Mungu," aliniambia. "Nichimbe shimo nifugie vyura?"

Nikarudi nyumbani kwetu Nyasho nikamwambia. Werema akaweka kijiko chini. "Mwambie mama ni sheria. Siyo mimi."

Nikaenda. "Mwambie sheria haijengagi. Mimi ndo najenga."

Wiki nzima nikawa mnara wao wa simu, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Siku ya ukaguzi ilipofika mama alifanya jambo ambalo bado sijui nicheke au nikasirike. Alichukua kigoda, akakiweka juu ya lundo la mchanga pale pa kuingilia kiwanjani, akakaa na mwavuli wake anachambua mboga. Werema akafika na pikipiki ya ofisi, kopo la rangi limefungwa nyuma. Akaona mwavuli. Akageuza pikipiki bila hata kuizima. Kesho yake akawahi alfajiri, mama yupo. Akaja saa ya chakula, mama anakula palepale. Akajaribu kuzungukia nyuma kupitia kwenye mawe, mama naye akageuza kigoda akaelekea kwenye mawe.

"Mama, unamfanyia makusudi," nilimwambia.

"Mimi nakaaga kwenye kiwanja changu. Kama ananiheshimu, si aniheshimu?"

Sasa mtaani kulikuwa na Clementi, anayejenga gesti hatua chache kutoka hapo. Yeye alishapakwa X, akalalamika, akachimba shimo lake. Alipopita akamwona mama juu ya mchanga, alielewa mambo haraka kuliko nilivyopenda. Akaenda manispaa kuuliza kama kuna sheria ya wakwe na sheria ya watu wengine. Mkuu wa idara akamwita Werema: Jumatatu X iwe ukutani, la sivyo atafute kazi nyingine.

Jumapili tulikaa mezani, chakula kikapoa.

"Nikimpita, nimemvunjia mama heshima, na hiyo haifutikagi," Werema alisema. "Nisipompita, basi Clementi anasema kweli."

"Nipe hilo kopo nikapake mimi."

"Wewe siyo afisa, Dorkas."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mama pia, na aliyetunga sheria, na aliyebuni herufi X. Lakini zaidi ya hasira niliogopa. Mume wangu akikosa kazi kwa sababu ya mama yangu, tutakula meza moja namna gani? Na akimdhalilisha mama, nitarudi nyumbani kwetu kwa uso gani?

Jumatatu tukaenda wote wawili. Mama alikuwa juu ya mchanga. Werema akasimama mbali, kwenye njia ya kushukia mwaloni, amempa mgongo, kopo la rangi mkononi. Ndipo ikatujia mvua kutoka ziwani, ile isiyobisha hodi. Maji yakateremka toka juu, yakaingia kiwanjani, yakabeba mchanga wa mama na udongo wa msingi na saruji iliyomwagika, yakashuka mekundu moja kwa moja mwaloni. Huko chini Sabina alikuwa ametandaza dagaa juu ya nyavu, na siku hiyo alikuwa peke yake.

"Dagaa zanguuu!" tukamsikia.

Dagaa wakinyeshewa, unashika wavu pembe mbili, mwenzako anashika mbili za upande wa pili, mnanyanyua pamoja na kukimbilia bandani. Mtu mmoja hawezi, dagaa wote watamwagika. Kila aliyewahi kuanika anajua hivyo, na miguu yake haisubiri kuambiwa. Mama alitupa mwavuli. Yale magoti yaliyochoka sijui aliyaacha wapi, maana alinipita mteremkoni. Mimi nikashika wavu wa kwanza na Sabina. Mama akainamia wa pili, akanyanyua, na wavu ukaja mwepesi kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili. Akainua macho.

Alikuwa Werema.

Walitazamana uso kwa uso, mvua inawapiga, na wote wakaganda. Mama akiachia, dagaa wanaingia topeni. Werema akiachia, vilevile. Na tope lilikuwa limeshawafikia vifundoni, vipande vya mifuko ya saruji ya mama vinaelea juu yake.

Hapo Werema akafanya jambo lililonifanya nimpende upya. Aligeuka polepole, akaupitisha wavu nyuma ya kiuno bila kuachia pembe, akaanza kutembea amempa mama kisogo. Yeye mbele, mama nyuma, dagaa katikati. Wakaenda hivyo mpaka bandani, wakarudi, wakabeba mwingine kwa mtindo uleule. Wavu wa mwisho hatukuuwahi. Tope lilikuwa limeufunika, huoni hata mkia wa dagaa.

Mvua ilipopungua Sabina alikamua kanga yake akatazama pale palipokuwa na wavu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Robi," alimwambia mama, "hili tope linatokea wapi? Tumeanika hapa miaka yote, hatukuwaga nalo."

Mama alitoka nje ya banda, akainama, akachota tope kwa kiganja, akatafuta ndani yake. Akampata dagaa mmoja. Akamfuta kwa kidole, akamtazama, kisha akarudi nao wote wawili, dagaa na aibu, akasimama karibu na nguzo.

Akajitanda kanga mpaka usoni. Nikasogea ili nipokee ujumbe, maana nilijua unakuja: mwambie mume wako hivi, mwambie vile. Mama akanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Baba Gloria," alisema, akiiangalia nguzo.

Gloria ni binti yetu, yuko darasa la tano. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kumsemesha baba yake hata salamu. Werema alinyooka utafikiri ameitwa kanisani.

"Naam, mama," akajibu, akiliangalia ziwa.

"Nenda kapake rangi yako. Ukichelewa, Sabina atanipaka mimi."

Sabina akacheka bila kupenda. Mimi nilikuwa nalia.

"Ukuta umelowa, mama. Rangi haitashika mpaka ukauke."

Mama akatazama juu, kiwanjani kwake.

"Basi wakati unasubiri, waoneshe mafundi pa kuchimba shimo," alisema. "Palepale penye fremu ya tatu."