Mihogo Katikati ya Reli

Miaka ile ya vita treni iliacha kufika Kindu. Majani yaliota njiani mwake mpaka mbuzi wakapotelea humo, na mtu aliyetaka kukataa jambo kwa adabu alikuwa na jibu tayari. Utaoa lini? Siku treni itaingia. Utamsamehe shemeji yako lini? Siku treni itaingia. Ilikuwa njia nzuri ya kusema kamwe bila kumkasirisha mtu.

Victorine aliuza samaki karibu na bandari, na mdomo wake ulijulikana kuliko samaki wake. Mteja aliyethubutu kusema samaki wananuka aliondoka akijinusa mwenyewe. Lakini msimamishe mwanamke huyo mbele ya kanisa uone! Ulimi ulimkauka. Siku moja walimpa tangazo la harusi alisome, akalisoma kwa sauti ya msiba, na watu wakacheka mpaka watoto waliolala migongoni wakaamka. Tangu hapo aliapa kwamba kanisani atafungua kinywa kwa kuimba tu, tena katikati ya wenye sauti kubwa.

Basi Mungu, kwa mambo yake, akamtaka huyo huyo.

Ilianzia msituni, walipokimbia mapigano kwa njia iendayo kijiji cha Tunda. Jirani yake Fifi alifiwa na kitoto chake huko, na watu walichimba kaburi kimya kimya, maana wenye bunduki hawakuwa mbali. Hakuna aliyethubutu hata kulia. Wakati wa kufukia udongo, Victorine alisikia sauti ikisema, “Bwana ndiye mchungaji wangu,” akashangaa kutambua kwamba ni sauti yake. Alisema zaburi mpaka mwisho, akamwombea mtoto, akamwombea mama, na hakutetemeka hata kidogo. Fifi alimshika mkono, hakuuachia mpaka asubuhi.

Waliporudi mjini, Mama Béatrice, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alisimama siku ya ibada. “Mungu ameweka neno ndani ya Victorine,” alisema. “Mi nilisikia kule pori. Huyu anapashwa kuhubiri.”

Kanisa lote likageuka kumtazama. Victorine alitafuta mlango, akaona uko mbali. Akatafuta uongo, ukakosekana. Ndipo ujanja ukamjia.

“Amina!” alisema. “Siku treni itaingia Kindu, siku ile ile mi nitahubiri.”

Watu waliangua kicheko. Aliyecheka kuwapita wote ni Mzee Florentin, mzee wa kanisa aliyeamini kwamba mwanamke kanisani ni wa kuimba na kufagia. Kwa furaha alipiga makofi na kusema, “Mbele ya Mungu na kanisa!”

Hapo wote wawili walijifunga kamba, ila hawakujua. Desturi ya kanisa lile ni kwamba mzee akitamka maneno hayo, nadhiri haifutiki. Anayeikwepa, akina mama huhamia uani kwake na ngoma zao, wakaimba na kula chakula chake mpaka aitimize. Mwanaume mmoja aliyeahidi mbuzi akamsahau aliwahi kuliwa kuku wake wote kwa nyimbo nzuri sana.

Victorine hakuwa na wasiwasi. Alipanda mihogo katikati ya reli, nyuma ya gare, kituo cha treni. Hakuwa peke yake, nusu ya mtaa ililima pale. Lakini wenzake walipanda kwa sababu ya njaa tu. Yeye, kila shina liliposhika mizizi, alilala vizuri zaidi.

Siku za mwizi ni arobaini. Vita vilitulia, na siku moja akichuma sombe, yale majani ya mihogo, alimkuta Léon, mfanyakazi wa reli, anafyeka.

“Mama, ng'oa mihogo yako. Treni iko inakuja.”

“Treni gani?”

“Treni, mama. Ile ya chuma.”

Victorine akakaa chini palepale. “Léon, mwanangu, mihogo ingali midogo. Ambia treni ingojee kidogo.”

Léon alidhani ni utani, akacheka. Victorine hakucheka.

Wiki ile alijadiliana na Mungu kama anavyojadiliana na wateja. Bwana, hiyo ni treni ya mizigo, mimi nilisema treni ya watu. Bwana, kuna Mama Béatrice, anasema vizuri, mchukue yeye. Bwana, mimi nitatoa samaki kwa wajane, si ni mahubiri pia? Mbinguni hakuna aliyepunguza bei.

Akina mama nao, waliponusa kwamba anataka kukwepa, walikuwa wamehamia uani, wanaimba na kumaliza samaki wake. Mzee Florentin alikuja kwa siri, uso wa huruma.

“Binti yangu, kaa kimya tu. Hawa watachoka. Mi mwenyewe nitasema ulikuwa mugonjwa.”

Mlango ndio huo, umefunguliwa na mzee wa kanisa mwenyewe. Victorine alitamani kuupita. Asubuhi treni ilipotarajiwa alichukua kitambaa cha kichwa na pagne moja ya kujifunga, akatelemka mtoni kwa Ismaël mwenye mtumbwi.

“Univushe haraka, ndugu yangu. Nakwenda kusalimia watu ng'ambo.”

Ismaël, Mwislamu wa watu, hakushika kasia. Alikitazama kitambaa, akautazama mto.

“Mama Victorine, Kindu muzima inajua nadhiri yako. Hata sisi tunajua habari ya Nabii Yunus, ule alikimbia Mungu kwa mashua. Mi sikupakii. Huu mutumbwi njo wa pekee niko nao.”

Victorine alifungua kinywa amtukane, machozi yakatangulia. Aliketi mchangani kando ya maji ya Lualaba. “Bwana, naogopa,” alisema, na mara hii hakuongeza bei. “Watanicheka.” Alipojisikia akisema hivyo, aliona haya. Kule msituni aliogopa bunduki, na Mungu alimfungua kinywa. Leo anaogopa meno ya watu? Hofu haikuondoka. Lakini alielewa kwamba hata kule ilikuwepo, na zaburi ilitoka hivyohivyo. Aliinuka, akajifunga kitambaa vizuri.

Alifika gare na honi ikilia. Mji mzima ulikuwa pale, wengine wanacheza, wengine wanalia. Victorine alipanda juu ya lundo la mihogo iliyong'olewa.

“Ndugu zangu!” Sauti ilitoka nyembamba, kama ya kifaranga. Watu wakacheka. Mzee Florentin akapenya mbele.

“Mwanamuke hahubiri kanisani!”

“Ni kweli, mzee,” alisema Victorine. “Hapa njo gare.”

Kicheko kikageuka upande wa mzee, na mdomo wa sokoni ukarudi mahali pake.

“Munaona hii mihogo? Njo yangu. Nilipanda kwenye njia ya treni nikisema haitakuja. Mungu aliniita, na mi nikalima juu ya njia yake. Na wewe unayecheka, umepanda nini kwenye njia ya Mungu? Kinyongo? Woga? Ng'oa, ndugu yangu. Ng'oa mwenyewe, kabla treni haijafika.”

Kisha mwanamke mmoja akasema “Amina,” na Victorine akaijua sauti hiyo kabla ya kugeuka. Ni Fifi, amenyoosha mkono ule ule. Victorine alilia waziwazi, akaendelea kuhubiri huku analia, na hakuna aliyekumbuka kucheka.

Siku hizi ni Pasta Victorine, mwenye mvi na miwani. Treni huja ikipenda. Mzee Florentin amezeeka sana, hukaa mstari wa mbele na kusinzia mahubiri yanapoanza. Jumapili iliyopita kanisa lilimwomba Sandrine, mjukuu wa pasta, akafundishe neno huko Obokote, kwa maana ana kipaji. Msichana alitazama mlango, akaona uko mbali.

“Amina,” alisema. “Siku barabara ya Obokote itatengenezwa, nitakwenda.”

Watu walicheka sana. Mzee Florentin akazinduka, akapiga makofi.

“Mbele ya Mungu na kanisa!”

Victorine alivua miwani, akaifuta polepole, akamtazama msichana kwa upendo wote alionao.

“Sawa, mwanangu,” alisema. “Lakini usipande mihogo.”