Kata Sita za Sukari

Chupa ya kwanza ilipasuka asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Praxeda akiwa mbele ya kioo anafunga kilemba. Alibaki na pini mdomoni, akasikiliza. Kishindo kilitoka ghalani, wala hakuhitaji kuambiwa ni cha nini. Kusema kweli, kabla ya jambo lingine lolote, alifurahi. "Zimesema!" alijiambia. "Mwaka huu zimesema!"

Ndipo ikapasuka ya pili.

Kijiji cha Kwembago kipo juu kidogo ya Maramba, na watu wa mbali wakikitaja hukitaja kwa mvinyo wake. Zabibu hakuna. Kuna choya, ile nyekundu inayoacha alama kwenye vidole siku tatu, na wanawake wa pale huichemsha, wakaitia hamira, wakapata mvinyo wa namna mbili: wa kimya na wa povu. Wa kimya ukishatulia pipani hutiwa chupani, basi. Wa povu una deko. Siku ya kuutia chupani huongezwa sukari pipani kwa kata, upawa wa kifuu, kizibo kikafungwa kwa kamba ya katani, chupa zikalazwa gizani miezi mitatu ili uchachuke tena humo humo ndani. Kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa ya Praxeda peke yake. Ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni pamoja na rozari, na majirani walitaniana kwamba hawajui kila asubuhi anabusu kipi kwanza.

Lakini mwaka jana, sikukuu ya somo wa kigango, mbele ya paroko na wageni kutoka Tanga mjini, chupa yake ilifunguliwa ikawa bubu. Kizibo kilitoka kama cha chupa ya dawa ya kikohozi. Ikaletwa ya pili, nayo bubu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Bibi, povu lako limekwenda likizo?" Praxeda alisingizia hamira, akamlaani aliyemuuzia, akaenda kulala mchana kweupe. Kikundi cha wanawake wa mvinyo kilipokaa, Loveness, mwenyekiti, alizungumza kwa adabu nyingi, ile adabu inayouma kuliko matusi: Bibi apewe mwaka mmoja. Harusi ya mjukuu wake ndiyo itakayoamua.

Kwani desturi ya Kwembago ni hiyo. Chupa ya bibi harusi hufunguliwa na bibi yake mzaa baba, uwanjani, watu wote wakiona, na hakuna chupa ya povu la msimu huo inayoguswa kabla yake, hata kwa kuonja. Ikilia, shangwe. Isipolia, Praxeda atavua ufunguo. Na harusi ya Leticia, mjukuu huyo, ilikuwa leo.

Alifungua ghala akiwa amejikinga uso kwa mfuniko wa sufuria. Sakafu ilikuwa nyekundu, vigae vimetawanyika hadi kwenye magunia. Chupa arobaini alizozilaza mwezi wa tatu sasa zilikuwa thelathini na nane, na kabla hajamaliza kuhesabu zikawa thelathini na saba.

"Yesu na Maria!"

"Mtani! Unapigana vita na nani humo?"

Alikuwa Mzee Hatibu, jirani yake, amesimama nje na kanzu yake ya harusini na kikapu cha choya ya kuchemshia juisi. Hakuna aliyelima choya nzuri kama yake kijiji kizima, na tone la mvinyo wake hajalionja maishani. Mimi nauza maua, husema, mtakayoyafanya huko ni yenu na Mungu wenu. Baba yake Praxeda aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, babake Hatibu alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, na utani wa wazee hao wawili ukarithiwa na watoto pamoja na majembe.

"Zinapasuka, mtani. Zinapasuka zote! Njoo unisaidie."

"Hicho kitu mimi sikigusi, unajua."

"Basi gusa kamba. Kamba nayo ni haramu?"

Hatibu alifikiri. "Kamba ni katani," akakubali. "Katani naijua." Miaka thelathini alikuwa kwenye mashine za kuchana mkonge. Alikunja mikono ya kanzu, akainama mlangoni, akanyoosha kidole kimoja na kuigusa kamba iliyokibana kizibo cha chupa ya karibu, kama anayejaribu uzi wa zeze. Kamba ikalia, sauti nyembamba na kali. Akajaribu ya pili, ya tatu. Zote zililia vivyo hivyo.

"Hizi zimeshiba kupita kiasi. Umezilisha nini?"

"Kata sita za sukari. Sita, kama siku zote!"

"Haya, usinifokee mimi. Jua likipanda ghala hili litapata joto, hutabakiwa na hata moja. Zifukie kwenye mchanga mbichi, zipoe. Lakini mwisho mabegani, shingo ibaki juu. Katani ikinywa maji hujikaza, utaziua mwenyewe."

Benedikta, mama wa bibi harusi na mkwe wa Praxeda kwa mwanawe Ernesti, alikuja mbio akiwa na vitenge viwili na nywele nusu zimesukwa. Aliiona sakafu. Alichukua ndoo. Nyuma ya jiko kulikuwa na mchanga wa kujengea, nao wakaumwagia maji, wakafukia chupa moja moja, wameshika pumzi, kila mmoja amefunga khanga usoni hadi machoni. Hatibu alisimama mbali akitoa amri.

"Sita," Praxeda alirudia, magoti mchangani. "Nimezihesabu kwa mkono huu. Au nilikosea? Nisingeweza kuonja, si unajua, ilikuwa Kwaresima. Nilikuwa nimeacha sukari mpaka Pasaka. Ndiyo maana nikakwambia wewe uonje pipa. Nawe ukasema imekolea."

Benedikta alikuwa anausawazisha mchanga ambao tayari ulikuwa sawa.

"Mama Leticia."

"Abee, mama."

"Si ulionja?"

"Sikuonja, mama. Na mimi nilikuwa nimeacha sukari. Niliona haya kukwambia, ungesema nakuiga."

Praxeda alikaa chini kabisa, na gauni lake la kwendea harusini.

"Na kuna jingine," Benedikta alisema haraka, kabla ujasiri haujamwisha. "Siku ile ya kutia chupani, paroko alipopita ukatoka kumwamkia, mimi niliingia. Nikaona sufuria ya kuyeyushia sukari ni safi. Mama, wewe sufuria hiyo huioshi kamwe, huwaachia watoto wakombe. Nikasema, basi mama amesahau. Nikapima kata sita, nikayeyusha, nikatia pipani, nikakoroga."

"Niliiosha kwa sababu ya nadhiri," Praxeda alisema polepole. "Nilijijua. Ningeilamba."

Kata kumi na mbili! Hatibu, aliyekuwa amesikia kila neno, aligeuka akatazama milima, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Praxeda hakucheka. "Nimesahau?" aliuliza. "Kwa nini ufikirie mimi nimesahau? Lini umeniona nasahau sukari?"

Benedikta aligeuza uso. Akachukua chupa nyingine. Hapo Praxeda akaelewa, na uso ukamchoma.

"Mwaka jana," alisema.

"Niliikuta sukari ndooni, mama. Kata sita zile zile, zimefunikwa na kitambaa, hazijaguswa. Chupa zilikuwa zimeshafungwa."

"Ukazifanyaje?"

"Nikazimimina kwenye kopo la chai la nyumbani. Ili asizione mtu mwingine."

Mwaka mzima wamekunywa chai ya aibu yake, na mkwe wake akimsikia anamlaani muuza hamira, asiseme neno! Praxeda aliona hasira inampanda, akaitafuta ni ya nani, asipate. Alisimama, akakung'uta gauni, akaenda zake kuoga upya. Benedikta alifukia chupa zilizobaki akilia, rangi ya macho ikimchuruzika hadi kidevuni.

Kanisani Praxeda aliimba kidogo. Leticia alipendeza, bwana harusi alidondosha pete, na kila upepo ulipogonga dirisha bibi mmoja kwenye benchi la pili alishtuka akihesabu chupa. Mara moja alitupa jicho upande wa akina Benedikta. Mkwe wake alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Waliporudi, chupa mbili tu zaidi zilikuwa zimepasuka. Mchanga ulizishika zilizobaki. Hatibu, aliyekaa kuzilinda na bilauri yake ya juisi, alisema kwa fahari kwamba amezisomea dua, kisha akajisahihisha: dua ni ya watu, siyo ya chupa.

Uwanja wa kigango ulijaa. Wali ulikuwa umeshaliwa, na sasa watu walinyamaza kwa namna ile ya kungojea mtu ajikwae. Loveness alijiweka mbele, mikono imefungwa kifuani. Leticia, shela limemteleza, alimnong'oneza bibi yake: "Bibi, unaogopa?"

"Mke mwenzangu, kaa nyuma yangu. Na mumeo akae nyuma yako."

Praxeda aliichukua chupa. Ilikuwa ya baridi na nzito, na mikono yake ilikuwa inatetemeka, jambo ambalo lilimtokea mara nyingi siku hizi na hakulisema kwa mtu. Alishika kisu cha kukatia kamba. Akakiweka chini.

"Mama Leticia," aliita. "Njoo ushike."

Watu wakatazamana. Bibi hufungua peke yake, tangu hapo. Benedikta alikuja kwa hatua fupi, macho chini.

"Shika hapa, kwa nguvu. Elekeza juu ya paa. Wewe ndiye uliyeilisha, mimi niliilisha, sote tuishike."

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie! Mwaka jana nilisahau sukari!" Praxeda alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Muuza hamira nimemsingizia, nitamwomba radhi. Mwaka huu tumetia mara mbili. Rudini nyuma, ninyi, msije mkasema sikuwaambia!"

Akakata kamba.

Wazee wa Kwembago wanasema bomu la kupasulia mawe ya barabara lilikuwa na sauti kama ile, ila halikuwa na harufu nzuri. Kizibo kiliruka juu ya paa la kigango, hakuna aliyekiona kikishuka. Povu jekundu lilipanda, likashuka, likawaogesha mama mkwe na mkwe tangu vilemba hadi viatu, likamfikia Loveness ambaye hakurudi nyuma. Vigelegele vilivuka bonde. Leticia alicheka hadi akachuchumaa. Hatibu, nyuma ya mchungwa alikojificha na kanzu yake nyeupe, alipiga makofi huku bilauri ameishika kwa meno.

Chupani kulibaki kikombe kimoja. Bibi harusi na bwana harusi wakanywa, wakabakiza kidogo.

"Ufunguo ni wako, Bibi," Loveness alisema akijifuta macho, na safari hii adabu ilikuwa ya kweli. "Hata ukitaka wa kuzikwa nao."

"Nimesikia," Praxeda alisema.

Watu walitaka nyingine, na nyingine. Waliopenda mvinyo wa kimya nao waliutaka, lakini chupa zake zilikuwa bado ghalani, na ghala limefungwa. Mama mkwe na mkwe waliondoka kwenda kuzitoa, nguo zikiwanata mwilini, ngoma ikianza nyuma yao. Walifika mlangoni.

Praxeda alivua kamba shingoni. Alihangaika kidogo kuutenganisha ufunguo na rozari. Kisha akamvika Benedikta.

"Mama, wamekuachia!"

"Ndiyo maana nakupa. Wangeninyang'anya, ningekupa nini? Mwakani tia wewe. Mimi nitaonja."

"Na Kwaresima?"

"Kwaresima tutaacha chumvi."

Benedikta alicheka huku machozi yakimtoka, akainama na kuingiza ufunguo kwenye kufuli. Haukuzunguka. Akaujaribu tena, ukakataa. Kufuli lile lilitaka kuinuliwa kidogo kwanza, ndipo lizungushwe, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mtu mmoja. Praxeda alifungua mdomo amwambie. Akaufumba. Akaegemea ukuta wenye joto la jua, rozari nyepesi shingoni, akamngojea.