Neno Lililoandikwa kwenye Cheti cha Gintautas

Skirmantė alikuwa mfasiri mzoefu mjini Šiauliai, Lithuania, lakini neno hili moja lilimtoa jasho. Lilikuwa kwenye cheti ambacho manispaa ilimtunuku marehemu kaka yake, Gintautas, pamoja na medali: pilietiškumas. Gintautas alikuta watu watatu wakimpiga kijana asiyemjua kwenye kituo cha basi, akaingilia kati. Kijana akatimua mbio. Gintautas akaanguka, asiinuke tena. Madirisha ya jengo la mkabala yalijaa watu waliotazama tu.

Binti wa Gintautas, Liepa, aliyelelewa na mama yake Uingereza, alikuja kuichukua medali. Kilithuania alikisema cha kuungaunga, kukisoma hakuweza. Alitaka cheti kwa Kiingereza.

"Shangazi, bado tu?" aliuliza, akilisogeza kando bakuli la supu baridi ya bitiruti.

"Kamusi inasema uraia."

"Uraia wa pasipoti?"

"Huo huo."

Liepa akacheka kicheko kikavu. "Kumbe baba kafia pasipoti. Mimi yangu niliipata kwa kupanga foleni."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Basi nipe neno."

Skirmantė akatafuta. Wema? Gintautas aliitelekeza familia yake, na bintiye ndiye aliyelijua hilo kuliko wote. Uzalendo? Wanasiasa aliwatukana mchana kweupe, na bendera hakuwa nayo. Ujirani? Majirani ndio wale wa madirishani.

"Ni mtu kuona kwamba la wote ni lake," alisema mwishoni. "Taka za barabarani ni zake. Anayepigwa ni wake."

Liepa akakikuna kijiko kwa ukucha. "Na mimi nilikuwa wa nani?"

Skirmantė akaanza kuondoa mabakuli mezani.

"Hata simu ya siku yangu ya kuzaliwa hakupiga. Huyo kijana alikuja mazikoni?"

"Hakuja."

"Na majirani?"

"Walileta maua."

Skirmantė akapiga simu manispaa, akaomba ruhusa ya kuandika sentensi nzima badala ya neno.

"Mama, andika la kamusi," mwanamke wa ofisini alimjibu, wala si kwa ubaya. "Nani atasoma?"

Skirmantė akaandika uraia, akagonga muhuri wake wa mfasiri. Liepa aliisoma tafsiri akiwa amesimama, akaitia mkobani. Medali aliiacha mezani.

"Chukua, ni yako," Skirmantė alimwambia.

"Italiza mashine za uwanja wa ndege, shangazi."

Wakakumbatiana mlangoni, kila mmoja akitazama pembeni. Liepa akashuka ngazi bila kugeuka.

Tangu hapo hakupiga simu. Skirmantė naye mara kwa mara huitafuta namba ya Liepa, akaitazama, kisha akaiweka simu chini, maana hajui aanzie wapi, na moyoni anaona kwamba wa kumkumbuka kaka yake amebaki yeye peke yake.