Breki za Landrova

Mwaka 1983 vipuri viliadimika Tanga. Kati ya magari saba ya serikali aliyoyasimamia Semeni, sita yalikuwa yamepandishwa juu ya mawe. La saba, Landrova, liliondoka asubuhi kwenda Muheza na wauguzi watatu. Baadaye Semeni alipita pale lilipolala, akaona dimbwi dogo sakafuni. Alichovya kidole, akanusa. Mafuta ya breki!

Jana tu dereva Nasri alimwambia pedeli inazama, naye akamjibu, "Nenda nalo hivyohivyo, mwanangu, hatuna jingine."

Alipiga simu kituo cha afya Muheza. Gari halijafika. Akapiga tena, halijafika. Mkuu wake akachungulia mlangoni.

"Kesho nalitaka hilo gari, naenda Horohoro."

Semeni hakumsikia vizuri. Alikuwa akiwaza miteremko ya njiani na malori ya machungwa.

Saa sita simu ikalia.

"Shikamoo, mama. Ni Nasri. Breki zilikufa kwenye mteremko. Nikapunguza kwa gia, nikaliingiza shambani kwenye mkonge. Tumemalizia kwa miguu. Wote wazima."

"Marahaba. Nisamehe, baba. Kosa ni langu."

Akaweka simu, akamfuata mkuu ofisini kwake.

"Kesho gari haliendi popote, mzee."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Leo nimeponea chupuchupu kuua watu wanne."

Kesho yake mkuu alikwenda Horohoro kwa basi.