Godoro la Arusi Vitini

Eda yangu ilipokwisha, shemeji yangu Chirau alitangaza kwamba atanirithi mimi pamoja na gari la mbio la marehemu mume wangu. Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, gumu kama jiwe. Ukitoka Mwabungo ukifika Msambweni, mgongo hauna hamu. Nilimwambia fundi Fondo apunguze vyuma vya springi, lilainike. Nami nikalichana godoro langu la arusi, sufi yake yote nikaishindilia vitini.

Chirau alikuja, akakiona kitanda kitupu.

"Tutalala juu ya nini?"

"Wewe utalala kwako, shemeji. Godoro linakwenda kwetu Jego."

Nikamketisha mama yangu kiti cha pili, nikaliwasha gari mwenyewe. Pamoja na mashimo yote yale ya barabarani, mama alisinzia njia nzima.