Vituo Vitatu kwa Wimbi Moja

Ikifika Alhamisi mitambo haijafanya kazi, inarudi bara. Hafiz, mkuu wa mradi, alimwambia Khairiya, mhandisi wake, hivyo kwa simu, na hakuwa na mzaha.

Vituo vya afya vya Msuka, Gando na Mtambile vilitumia wimbi moja la redio kupeleka picha za altrasaundi kwa daktari aliyeko Wete, kila kimoja kikingoja zamu. Mja mzito wa Msuka aliweza kukaa saa nzima kabla picha yake haijafika. Waliosema haraka haina baraka hawakuwahi kungoja picha hiyo. Khairiya akaamua kwa mitambo mipya vyote vitume pamoja, tena mipigo ya redio inayobeba picha ifuatane upesi hadi ikanyagane visigino. Kutuma kulikuwa rahisi. Kupokea ndiko kulikomtoa jasho: picha zilifika zimevurugana, uji mtupu.

Jumanne alasiri, kichwa kimemjaa, alikwenda chuoni kwa Bi Zulekha, shangazi yake aliyemlea na kumsomesha Kurani hapo hapo. Watoto thelathini walikuwa wakisoma kwa sauti, kila mtu na sura yake, mbio mbio, kelele kama sokoni. Bi Zulekha alikuwa amewapa mgongo, akisuka ukili.

"Nahla, umeruka. Rudi."

Khairiya akashtuka. Nahla alikuwa amekwisha kuruka na kusoma maneno mawili mbele, ndipo akaitwa.

"Shangazi, wawasikiaje wote hawa?"

"Kila mmoja sauti yake n'naijua. Na neno silihukumu peke yake, mwanangu. Likinitatiza n'nangoja linalofuata, ndo n'najua lilikuwa lipi."

Khairiya aliona haya. Kipokezi chake kilichoko Wete kilikuwa na pupa: kila mpigo ukifika, papo hapo kinaukatia shauri. Jumatano kutwa aliiandika upya programu, kipokezi kijue kwanza sauti ya kila kituo, kisha kisubiri mipigo michache ya mbele kabla ya kuamua.

Alhamisi vituo vitatu vilituma kwa pamoja. Dakika nne, picha zote safi. Ya Msuka ilionyesha mtoto amekingama tumboni, na gari likatumwa kumchukua mamake kabla uchungu haujaanza. Hafiz akasema mitambo ibaki. Khairiya alifurahi hata akalia.

Akarudi chuoni kushukuru. Bi Zulekha alimpokea vizuri, kisha, macho kwenye ukili, akamuuliza, "Na ile aya ya yatima, uloiruka mwaka alokufa babako, utanisomea lini?"

Miaka ishirini Khairiya aliamini kelele za wenzake zilimficha alipoiruka.

"Kumbe ulisikia! Mbona hukuniambia kitu?"

"N'lisikia," alisema Bi Zulekha, akimsogezea mkeka. "N'lingoja linalofuata."