Upande Wangu wa Kichwa

Jumamosi katika saluni yangu hakuna kukaa. Kuna mwenye harusi, kuna mwenye safari, kuna aliyeachwa na mume anayetaka kichwa kipya kabla hajakatiza mtaa wa huyo bwana. Na siku hiyo hiyo ndiyo watu wa kujitolea waliyoichagua kunichukulia binti yangu.

Walikuja shuleni kwa binti yangu mwanzoni mwa muhula: mhasibu, nesi, fundi wa umeme, na mwanamke mmoja wa ofisi ya bima. Hawalipwi hata nauli. Asubuhi yote wanawafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuweka akiba, kuandika wasifu, kukaa mbele ya msaili bila kutafuna kucha. Jambo zuri, wazazi tulisema kwenye kikao, na mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Hapo nilikuwa sijamjua huyo wa bima, ambaye watoto walimbandika jina la Dada Bajeti.

Basi ikawa nyumbani hakuliki bila Dada Bajeti. Dada Bajeti anasema usinunue kitu siku ile ile uliyokitamani. Dada Bajeti anasema kukopa ili ununue nguo ni kuvaa deni. Maneno hayo hayo niliyasema mimi tangu mtoto hajaota meno, ila yangu yaliitwa kelele. Nimemlea kwa vichwa vya watu, nimecheza upatu na wanawake wenzangu bila kuruka zamu, leo kaja mtu na kalamu za rangi kumfundisha mwanangu maana ya akiba.

Nilimwonea wivu. Sina neno jingine la kulipamba. Binti yangu alianza kucheka kwa kiasi, kutembea na kitabu kifuani, kumwambia hata muuza maji kwamba anashukuru kwa muda wake. Siku moja nilimkuta mbele ya kioo changu anafanya mazoezi ya usaili peke yake, anajiuliza na kujijibu. Alipofika kwenye swali la mtu anayemvutia katika kazi, hakunitaja mimi. Nilimwambia afagie nywele.

Halafu likaja la ofisi. Kulikuwa na nafasi moja ya mafunzo kazini, likizo yote ndefu, na Dada Bajeti alimtaka binti yangu. Nikajua akienda hapo basi. Kulala atarudi kulala, na kula atakula kwangu, ila mwanangu atakuwa ameshachukuliwa. Nilimwambia aamue mwenyewe, kwa sauti ile ambayo kila mtoto anajua maana yake.

Jumapili mchana, saluni ikiwa tupu, aliingia Dada Bajeti mwenyewe. Aliniamkia kwa adabu zote, akasema anataka kusuka rasta. Msusi hamfukuzi mtu mwenye nywele. Nikamketisha.

Kwetu kichwa kimoja husukwa na watu wawili ili mteja asichoke. Mimi nakaa kulia, binti yangu kushoto, tunakutana utosini. Sharti ni moja tu, mikono ivute sawa. Mmoja akikaza na mwenzake akilegeza, mteja hapati usingizi wiki nzima.

Sasa nilikuwa nimekishika kichwa chenyewe. Dada Bajeti akatania kwamba anawaogopa wasusi kuliko wakaguzi wa hesabu, na binti yangu akacheka, kicheko ambacho mimi sikukipata muhula mzima. Nikavuta. Akanisimulia jinsi mtoto alivyo mwepesi wa kuelewa, utadhani alimwokota yeye njiani akaja kunionyesha. Nikavuta tena. Jicho lake la kulia lilianza kulengwa na machozi, lakini alijikaza kisabuni.

Tulipofika katikati ndipo akatoa lililomleta.

"Mama, sikuja kwa ajili ya nywele tu. Binti yako ameikataa ile nafasi. Nakuomba uzungumze naye."

Vigelegele vilipigwa moyoni mwangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikajisemea, na damu ni nzito kuliko maji. Ningenyamaza pale pale ningebaki mshindi. Lakini mwenye wivu hatosheki na kushinda, anataka na mwenzake asikie alivyoshindwa. Nikamwambia binti yangu aseme sababu, mgeni asikie kwa masikio yake.

Mikono yake ilisimama. Alisema taratibu, macho yakiwa kwenye nywele.

"Nikiondoka, nani atalegeza upande wako?"

Nikamwambia aseme kinachoeleweka.

"Mama, kila nikimtaja dada hapa ndani, unakaza. Wateja hawakwambii, wanakuogopa. Wananisubiri kule nyuma kwenye kamba za nguo, nawafumua upande wa kulia, nawasuka upya. Yule mwalimu wa chekechea alitokwa na vipele mpaka sikioni. Nikikaa ofisini likizo nzima utabaki bila mteja hata mmoja. Sasa nitaendaje?"

Nikainama nikatazama upande wangu. Ngozi ilikuwa imevutwa hadi imeinuka vipele vyeupe, kuanzia kwenye paji la uso hadi nyuma ya sikio. Upande wa binti yangu mistari imelala, ngozi imetulia. Kumbe hakuwa anabaki kwa sababu mimi ni bora kuliko mwenzangu. Alikuwa anabaki kunichunga, kama unavyomchunga mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. Afadhali Dada Bajeti angenishinda.

Dada Bajeti akasema haimuumi sana. Mwongo mwenye adabu.

Nikachukua kitana cha mkia nikaanza kufumua upande wangu, msuko mmoja mmoja. Binti yangu akanyoosha mkono kunisaidia, kwa mazoea.

"Toa mkono," nikamwambia. "Muulize dada yako ofisini kwao wanaingia saa ngapi."

Alinitazama vidole kwanza, kisha ndipo akauliza. Wakaanza kuzungumza, wao wawili: blauzi gani ya kuvaa, wapi pa kupata chakula cha mchana, nani pale ofisini ni mkali na nani anapenda utani. Nilikuwa nyuma yao nasuka upya kutoka mwanzo, na wivu ule ule haujapungua hata punje.

"Inavuta?" nikamuuliza Dada Bajeti.

"Kidogo, mama," akasema.

Nikafumua tena.